Shufwa na witiri: kugawana mfungamano wa kwanta kwenye laini yenye kelele

Wiki tatu zilizopita tulikuwa Kisesa, barabara ya Musoma, mvua imekatika kama nusu saa hivi na udongo bado unanata kwenye buti, tumefungua boksi la faiba la laini inayokwenda Magu kwa sababu wateja wa huko walikuwa wanalalamika. Mimi ni fundi faiba, kazi yangu ni kuunganisha nyuzi za kioo nyembamba kama unywele na kupima zinapoteza mwanga kiasi gani njiani. Nikapiga OTDR, kile kifaa kinachorusha mwanga ndani ya uzi halafu kinasikilizia kinachorudi, nikapata losi ya desibeli 15 kwa laini nzima. Kwa hesabu ya karatasi ilitakiwa iwe 12, maana kilomita ni kama 60 na faiba nzuri inapoteza desibeli 0.2 kila kilomita, hizo 3 za juu ni maungio ya zamani na sehemu moja kebo imekunjwa vibaya kwenye nguzo. Tukanyoosha ile kona, tukarudia maungio mawili, tukaondoka.

Ila ile 15 haikunitoka kichwani. Desibeli ni kipimo cha mwanga unaopotea, kila desibeli 10 zinaugawanya kwa kumi, kwa hiyo desibeli 15 maana yake ni kwamba katika kila fotoni 100, yaani chembe 100 za mwanga, zinazoingia upande wa Mwanza zinazotokea Magu ni 3. Tatu tu! Na bado, ukiacha malalamiko ya siku ile, watu wa Magu wanaangalia mpira kwenye simu, kwa sababu kila biti ya intaneti inabebwa na fotoni nyingi mno, zikifa nyingi njiani hao wachache wanaofika wanatosha kusema kilichotumwa, na njia ikiwa ndefu sana tunaweka amplifaya katikati, inapokea mwanga uliochoka inatoa mwanga wenye nguvu, maisha yanaendelea.

Sasa kuna aina ya mzigo ambao ujanja huo wote haufanyi kazi. Nimekuwa nausoma kwa karibu miaka miwili sasa, usiku, baada ya watoto kulala, nilisoma PCM advansi na fizikia haikuwahi kuniacha, na kwa kweli naona ni moja ya vitu vizuri kuliko vyote ambavyo binadamu wamevigundua, ndo maana nakaa kuandika leo. Ni mfungamano wa kwanta, ile hali ya chembe mbili zilizo mbali kutoa majibu yanayolingana, nitaieleza hapo chini, na hasa hili swali: watu wawili walio mbali, katikati yao kuna laini mbovu, wanawezaje kugawana mfungamano ambao ni mzuri?

Nianzie kwa mama yangu.

Mama alikuwa na biashara ya dagaa pale Mwaloni Kirumba na mdogo wake, mama mdogo wangu, alikuwa Nansio kule Ukerewe, yeye ndiye alikuwa ananunua dagaa kwa wavuvi, anaanika, anafunga magunia, anapakia. Kila mmoja alikuwa na daftari lake. Siku fulani yametoka magunia 16, mama mdogo anaandika 16, mama akipokea naye anaandika 16, na kama kila kitu kimeenda sawa madaftari mawili yaliyo umbali wa kilomita kama 45, maji matupu katikati, yanasema kitu kimoja. Tatizo simu. Zamani zile laini ya kisiwani ilikuwa inakwaruza vibaya, na kwenye laini inayokwaruza "sita" na "saba" ni kitu kimoja, mtu anasema kumi na sita wewe unasikia kumi na saba, na kusoma daftari zima neno kwa neno ilikuwa inakula vocha kuliko faida ya gunia.

Basi mama, ambaye alisoma madrasa Ujiji utotoni, akaja na njia yake. Wanachukua siku mbili, tuseme Jumatatu na Jumanne, kila mmoja kwake anajumlisha magunia ya siku hizo mbili kimya kimya, halafu kwenye simu hawatajiani namba, wanaambiana tu ni shufwa au witiri, yaani jumla inagawanyika kwa mbili au inabaki moja. "Witiri." "Witiri hata huku." Wanapiga tiki siku zote mbili. Zikitofautiana, mmoja anasema shufwa na mwingine witiri, wanaweka alama ya mkasi kwenye siku zote mbili na hawazigusi mpaka wakutane ana kwa ana. Neno moja, hata laini ikikwaruza vipi huwezi kuchanganya shufwa na witiri.

Nilikuwa mtoto wa darasa la tano hivi, nilikuwa nakaa chini ya meza nasikia. Shufwa. Witiri. Shufwa. Sikujua kwamba huko duniani, mwaka 1996, watu sita, Charles Bennett, Gilles Brassard, Sandu Popescu, Benjamin Schumacher, John Smolin na William Wootters, walikuwa wametoa karatasi ya kurasa chache inayofanya kitu ambacho kwenye mifupa yake ni hiki hiki, ila juu ya mzigo wa ajabu zaidi.

Mzigo wenyewe ndo huu. Unaweza kutengeneza fotoni mbili kwa pamoja zikawa zimefungamana. Ukipima moja upolaraizi wake, yaani mwelekeo ambao mwanga unatikisika, unapata jibu la bahati nasibu kabisa, nusu kwa nusu kama kurusha shilingi. Ukipima ya pili iliyoko mbali kwa pembe ile ile, unapata jibu linalolingana na la kwanza, kila mara. Mtu atasema basi si kama madaftari tu, namba ziliandikwa tangu mwanzo? Hapa ndipo mfano wa mama unaishia, na lazima niseme wazi unaishia, kwa sababu watu wengi wanaoelezea hili jambo wanaruka hapa. Mwaka 1964 John Bell, mtu wa Belfast, alithibitisha kwa hesabu kwamba kama majibu yangekuwa yameandikwa tangu mwanzo, kila fotoni na kidaftari chake mfukoni, basi ukipima kwa pembe mbalimbali kuna kiwango cha kulingana ambacho huwezi kukizidi. Kuna namba moja wanayoitumia, kwa madaftari haivuki 2. Kwa fotoni zilizofungamana inavuka, inaweza kufika hadi kama 2.83. Watu wakapima, John Clauser miaka ya 1970 mwanzoni, Alain Aspect miaka ya 1980 mwanzoni, Anton Zeilinger na wenzake baadaye, inavuka kweli, na hao watatu wakapewa Nobeli mwaka 2022. Kwa hiyo hakuna kidaftari. Jibu halikuwepo mpaka lilipoulizwa, na bado mawili yanalingana.

Na kabla mtu hajaniuliza, hapana, huwezi kutuma ujumbe kwa njia hiyo. Kila upande unaona bahati nasibu tu, kulingana kunaonekana pale mnapopigiana simu ya kawaida mkalinganisha. Simu hiyo nitairudia, maana ndo roho ya hii makala.

Kwa nini mtu autake? Kwa sababu jozi iliyofungamana vizuri ni kama mali. Wawili wakiwa nazo wanaweza kutengeneza ufunguo wa siri ambao hakuna wa tatu anaoujua, Artur Ekert alionyesha hivyo mwaka 1991, na wanaweza kuhamisha hali ya kwanta kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine bila kuipitisha njiani, hiyo ni ya mwaka 1993. Lakini vyote vinataka jozi nzuri, na jozi inazaliwa sehemu moja halafu lazima nusu yake isafirishwe, na kusafirisha ndo kwenye msiba.

Kuna mabaya mawili, na fundi yeyote wa faiba anayajua hata kama hajui kwanta. La kwanza ni losi, fotoni haifiki. Hili linauma ila ni la wazi, haikufika unajua haikufika. Hesabu yake ni katili lakini. Kilomita 100 ni desibeli 20, inafika 1 katika 100. Kilomita 1,000, na kutoka hapa Mwanza hadi Dar kwa barabara ni zaidi ya hapo, ni desibeli 200, yaani inafika fotoni moja katika idadi ya 1 yenye sifuri 20. Ukiwa na mashine inayorusha fotoni bilioni 10 kila sekunde, ungesubiri miaka kama 300 ili moja itokee upande wa pili. Mimi nilipoipiga hii hesabu mara ya kwanza niliirudia mara tatu kwenye kalkuleta. Na amplifaya? Haiwezekani. Mwaka 1982 Wootters na Wojciech Zurek, na Dennis Dieks kwa upande wake, walionyesha kwamba hali ya kwanta usiyoijua haikopiki, siyo kwamba mashine haijagunduliwa, sheria yenyewe ya maumbile inakataa, na amplifaya ni mashine ya kukopi.

Baya la pili ni kelele, fotoni inafika lakini imegeuzwa. Kebo iliyoko kwenye nguzo hapa kwetu saa saba mchana jua linaichoma, jioni upepo wa ziwa unaitikisa, kioo kikikazwa au kikipashwa moto kidogo tu upolaraizi unazunguka, na hujui umezunguka kiasi gani. Hili ni baya zaidi kwa maoni yangu kwa sababu halionekani. Umepokea kitu, kinaonekana kitu, kumbe nusu yake tu ndiyo kweli. Wanafizikia wana kipimo, fideliti, yaani jozi uliyonayo inafanana kwa kiasi gani na ile jozi safi uliyoitaka. Fideliti 1 ni safi kabisa. 0.7 ni kama mtu aliyekuambia ukweli lakini hujui ni wapi kadanganya. Na huwezi kuchungulia! Ukiipima jozi ujue ni nzima au mbovu, mfungamano umekwisha hapo hapo, umebaki na majibu mawili ya kawaida mkononi.

Dogo mmoja ninayefanya naye kazi nilimweleza mpaka hapa tukiwa tunarudi kwenye pikapu, akaniambia, "Kaka, sasa hapo si basi? Kukagua huwezi, kukopi huwezi, kuongeza nguvu huwezi." Na kwa kweli ukifika hapo unaona basi.

Ile karatasi ya 1996 inasema siyo basi. Chukueni jozi mbili mbovu. Wewe una nusu mbili Mwanza, mwenzako ana nusu mbili Nansio. Kila mmoja kwake anafanya operesheni moja kati ya nusu zake mbili, geti, ambayo kazi yake ni kuhamishia kwenye jozi ya pili habari za kosa la jozi ya kwanza, kama kujumlisha Jumatatu juu ya Jumanne bila kuzisoma. Halafu kila mmoja anapima nusu ya jozi ya pili tu, hiyo inatolewa kafara. Wewe unapata 0 au 1, mwenzako anapata 0 au 1, mnapigiana simu, simu ya kawaida kabisa hata ya kitochi. "Nimepata moja." "Hata huku moja." Jozi ya kwanza, ambayo hamjaipima, inabaki, na sasa ina fideliti kubwa kuliko iliyokuwa nayo. Mkitofautiana, mnatupa zote.

Ni shufwa na witiri! Niliposoma hapo niliacha simu kitandani nikatoka nje nikakaa. Na hata udhaifu wake ni ule ule, kwenye njia ya mama kama Jumatatu ina kosa la gunia moja na Jumanne nayo ina kosa la gunia moja, makosa mawili yanafichana, jumla inalingana mnapiga tiki uongo. Kwenye jozi za kwanta pia, kulingana maana yake ni ama zote mbili zilikuwa safi ama zote mbili zilikuwa na kosa la namna moja, ila la pili ni nadra kuliko la kwanza kama jozi zenu zilianza na ubora wa kutosha, kwa hiyo kila mkilingana uzito unaegemea upande wa usafi. Kuna tofauti moja kubwa, gunia lina kosa la namna moja, idadi, wakati jozi ya kwanta ina makosa ya namna tatu, jibu kugeuka, awamu (mpangilio wa mawimbi yake) kugeuka, au vyote viwili, na raundi moja haiyaoni yote, kwa hiyo kati ya raundi na raundi wanazizungusha jozi kwa makusudi ili kosa lililojificha raundi hii lijitokeze ijayo.

Nimeipiga hesabu mwenyewe kwa fomula yao, niweke hapa maana namba zinasema. Anza na jozi za 0.70. Raundi ya kwanza mnalingana mara 68 katika 100, na zinazobaki zina 0.735. Raundi ya pili 0.773. Raundi ya tatu 0.812. Na gharama yake? Kupata jozi moja ya 0.812 mmetumia kwa wastani jozi kama 22 za 0.70. Ishirini na mbili kwa moja. Unaona kwa nini nasema ni kafara.

Na ile 0.812 siyo namba tu. Ukivuka kama 0.811 kuna njia nyingine kwenye karatasi zao inafunguka, mnaacha kwenda mbili mbili, mnachukua jozi nyingi mno kwa pamoja, mnauliza shufwa au witiri ya kundi hili, ya kundi lile, makundi ya kuokoteza, mpaka mnajua kosa liko wapi hasa na mnalirekebisha, na mnabaki na sehemu ya jozi zenu zikiwa zimekaribia usafi kamili. Chini ya hapo njia hiyo haitoi kitu. Kwa hiyo zile raundi tatu za uchungu zilikuwa zinawapandisha mpaka mlangoni.

Sasa nije kwenye simu.

Kabla simu hazijafika kisiwani mama mdogo alikuwa anatuma karatasi pamoja na mzigo, ameandika kila kitu vizuri, anampa nahodha. Karatasi zinakuja Mwanza. Hakuna kinachorudi, mama hakuwa anajibu, aliona mzigo umefika basi. Msimu mmoja hesabu zikaachana kwa magunia mengi, kila mmoja ana karatasi zake na kila mmoja ana hakika, hawakuongea kutoka masika mpaka kiangazi kimeisha. Mimi nakumbuka tu kwamba mwaka ule hatukwenda Ukerewe likizo.

Kwenye kwanta kuna kitu kinafanana na hicho mpaka kinanitisha kidogo. Chukua zile zile jozi za 0.70. Kama mmoja tu ndo anaruhusiwa kusema na mwingine anasikiliza tu, hata aseme mambo marefu kiasi gani, hata wawe na jozi milioni, hawapati hata jozi moja safi. Sifuri. Wakiruhusiwa kuongea kwenda na kurudi, wanapata. Jozi zile zile, kelele ile ile, kilichobadilika ni kwamba yule wa pili naye anajibu. Na sababu yake ni nzuri sana, jozi ikiwa mbovu kiasi hicho, chini ya 0.75, inawezekana kabisa kuna mtu wa tatu huko amekaa na nusu nyingine nzuri sawa sawa na ya mama mdogo. Mama akiongea peke yake, chochote mama mdogo anachoweza kufanya kwa kusikia, yule wa tatu naye anasikia anaweza kukifanya, kwa hiyo wote wawili wangeishia na mfungamano kamili na mama, na mfungamano kamili hauna mke mwenza, ukifungamana kamili na mmoja huna cha kumpa mwingine. Haiwezekani, basi hakuna anayepata. Lakini mama mdogo akijibu, mama anachagua jozi za kubaki nazo kutokana na majibu ya mama mdogo, siyo ya yule wa tatu, na yule wa tatu anaachwa njiani.

Kuna mpaka pia. Kwa jozi zenye kelele ya aina hii, zikiwa na fideliti 0.5 au chini, hakuna kitu, siyo raundi tatu siyo raundi elfu, kwa sababu hapo hakuna tena mfungamano ndani yake, unaweza kutengeneza kitu kile kile kwa shilingi mbili na simu. Ila kuna jambo la ajabu zaidi, mwaka 1998 familia moja ya Polandi, Ryszard Horodecki na wanae Michał na Paweł, walionyesha kwamba kwenye mifumo mikubwa zaidi ya kyubiti mbili (kyubiti ni chembe yenye majibu mawili tu, 0 au 1, kama fotoni zetu) kuna mfungamano ambao upo kweli, ulihitaji mfungamano ili kuutengeneza, lakini huwezi kuuchuja ukapata hata jozi moja safi, ulishaingia hautoki. Kama deni ambalo wote mnakubali lipo kwenye daftari na halitalipika. Hili sijalimaliza kulielewa, nalirudia kila baada ya miezi michache.

Umbali mrefu wanautatua kwa kuukata. Mwaka 1998 hiyo hiyo Hans Briegel, Wolfgang Dür, Ignacio Cirac na Peter Zoller walipendekeza ripita za kwanta, usijaribu kuvuka kilomita 1,000 kwa pigo moja, weka vituo, gawana mfungamano kati ya kituo na kituo kwa vipande vifupi, safisha kila kipande kwa njia ya mama, halafu unganisha. Kuunganisha kwenyewe ni kazi ya mshenga. Kituo cha katikati kina nusu ya jozi ya kushoto na nusu ya jozi ya kulia, kinazipima hizo nusu zake mbili kwa pamoja, kinatangaza jibu kwa simu, na wale wa mwisho huku na mwisho kule ambao fotoni zao hazijawahi kukutana wanakuwa wamefungamana, na mshenga anatoka, hana tena chochote mkononi. Ila kila ukiunganisha vipande viwili vyenye kelele, kelele zinajumlishana, kwa hiyo unasafisha, unaunganisha, unasafisha tena. Na katikati ya yote hayo lazima nusu zihifadhiwe zikisubiri simu, kwenye faiba mwanga unakwenda kilomita moja kwa sehemu 5 za milioni za sekunde, yaani maikrosekunde 5, kilomita 1,000 ni milisekunde 5 kwenda tu, na kumbukumbu ya kwanta ni kitu kinachoharibika haraka kuliko samaki juani. Hapo ndo kazi kubwa ya dunia ilipo sasa hivi. Watu wa Delft, Uholanzi, mwaka 2017 walifanya huo usafishaji kati ya vituo viwili vya almasi, sehemu ambayo chembe ya naitrojeni imekaa pembeni ya nafasi iliyokosa kaboni, almasi za kutengenezwa siyo za kuchimbwa, lakini mimi mtu wa kanda hii nikisoma almasi nawaza Mwadui.

Wengine wamekwenda juu. Setilaiti ya China, Micius, ilirushwa mwaka 2016, na mwaka 2017 walitangaza kwamba imegawa jozi kwa vituo viwili, Delingha na Lijiang, vilivyo umbali wa kilomita 1,203. Setilaiti ilikuwa inatengeneza jozi milioni 5.9 kila sekunde na zilizofika nusu zote mbili ni kama jozi moja kwa sekunde. Moja! Na ile namba ya Bell walipata 2.37, imevuka 2. Kuna waliokwenda chini pia, mwaka 2019 zilitoka habari za jozi zilizogawanywa kwa kebo ya simu ya kawaida iliyolala chini ya bahari kati ya Malta na Sicily, kilomita 96. Hiyo ndiyo naipenda kuliko setilaiti, nitakuwa mkweli, kwa sababu ni kebo kama zangu, na chini ya maji hakuna jua la saa saba wala upepo wa kutikisa nguzo, kebo imelala imetulia. Kila nikipita Kamanga kwenye kivuko naangalia maji nawaza kilomita 45 za hapa hadi Nansio ni desibeli 9 tu, fotoni kama 13 katika 100 zingefika.

Mama alifariki. Mama mdogo yupo, masikio yamepungua, nampigia Jumapili jioni. Jumapili iliyopita nilimsimulia habari zote hizi, taratibu, kwa sauti kubwa, kwamba kuna wasomi wakubwa wana mashine za mamilioni na wanafanya ile ya shufwa na witiri. Alicheka kidogo, akauliza kama na wao simu zao zinakwaruza. Nikamwambia ndiyo mama, shida yao ni hiyo hiyo.

"Na zile zisizolingana wanazifanyaje?"

"Wanazitupa mama. Zote mbili."

Akanyamaza mpaka nikadhani laini imekatika.

"Sisi hatukutupa," akasema. "Tuliweka mkasi tukasubiri tuonane. Dada yako wa pale bado analo lile daftari la mama yako? Zile za mwisho hatukuwahi kuzikaa."

Dada analo, liko kwenye sanduku Igoma. Jumamosi nalichukua, napanda kivuko nalo kwenda Nansio.